Lulu Huwekwa Mwisho

Unyoya alifungua karakana kabla jua halijavuka mapaa ya nyumba za ng'ambo, akaingia kwa ncha za vidole kana kwamba kuna mtu amelala ndani. Hapakuwa na mtu. Ni mazoea tu. Tangu utotoni alikuwa mwepesi wa mguu na mzito wa kutoa neno, hata shangazi yake akambandika jina hilo, likamganda mpaka ukubwani.

Alikuwa amechoka. Si uchovu ule unaotoka kwa maji ya kuoga na usingizi mmoja mzuri. Huu ulikuwa umejijenga mwezi juu ya mwezi, ukahamia nyuma ya macho na kwenye viungo vya vidole. Alipoinua birika kuliweka motoni, mkono ulitetemeka kidogo, naye akautazama kama mkono wa mtu mwingine.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja, kati ya fundi cherehani na mchonga funguo. Ilikuwa na meza tatu. Moja ilikuwa kwenye pembe ya ndani, chini ya taa. Hapo ndipo Shangazi alipokaa siku hizi. Ya pili ilikuwa nyuma, karibu na mashine ya kung'arishia. Hiyo ya Unyoya. Ya tatu ilikuwa dirishani, imejaa maboksi. Zamani Shangazi alikaa hapo. Kisha siku moja akasema mwanga wa dirisha unamchoma macho, akabeba vifaa vyake akahamia pembeni, na kutoka hapo taa ndiyo ikawa na makosa yote ya dunia. Mara inatoa ukungu. Mara ina pete kuizunguka. "Taa za siku hizi zinapikwa kwa maziwa," alisema, akifuta miwani kwa upindo wa gauni.

Unyoya aliyasogeza maboksi, akatandika kitambaa cha kijivu kwenye meza ya dirishani, na kuweka juu yake hereni mbili za Mkunga wa hospitali, mteja wa leo.

Zilikuwa za fedha. Kwenye sikio likae jiwe dogo la yakuti nyeupe, na chini yake ining'inie lulu moja. Ndiyo kazi iliyoipa karakana jina: lulu na yakuti nyeupe ndani ya fedha. Wengine walitia lulu kwenye dhahabu, wakatia yakuti peke yake. Shangazi alisema dhahabu ina kelele, huifanya lulu isisikike. Yakuti ina mwanga mkali, wa haraka, kama maji yaliyomwagika sakafuni. Lulu ina mwanga wa polepole unaotoka ndani. Ukiviweka pamoja kwenye fedha, kimoja hukitaja kingine. Lakini sharti lulu iwe nyeupe yenye haya kidogo ya waridi. Ikiwa na unjano, hata kidogo, yakuti huisema hadharani. "Itaonekana kama jino la mvuta tumbaku," Shangazi alimwambia Unyoya zamani, siku za kwanza kabisa za kumfundisha, nao wakacheka mpaka mchonga funguo akagonga ukuta.

Asubuhi hii, kwenye mwanga safi wa dirisha, hereni ya kulia ilikuwa na lulu nyeupe yenye waridi. Ya kushoto ilikuwa na jino.

Unyoya alivuta pumzi. Alijua tangu jana jioni, Shangazi alipoziinua chini ya taa na kusema, "Pacha hawa, hata mama yao angewachanganya." Yeye akajibu, "Nzuri, shangazi," kama alivyojibu kila mara, akijua kesho itabidi awahi.

Ilikuwa hivyo tangu mvua zilizopita. Shangazi alichagua, alipachika, akaenda nyumbani akiwa na furaha. Unyoya aliwahi kabla ya watu, akazing'oa lulu zilizokosewa, akatia nyingine. Kisha mchana kutwa alifanya kazi yake ya kawaida, kuchonga, kuchoma, kung'arisha, na usiku akalala usingizi wa mang'amung'amu, akihesabu rangi. Hakumwambia mtu ila baba yake, ambaye ndiye mdogo wake Shangazi.

"Si umwambie tu," baba alisema, akitia maziwa kwenye chai.

"Mwambie wewe. Dada yako."

"Mimi?" Baba akashtuka hasa. "Yule alinichapa mpaka nikaota ndevu. Mimi siendi."

Na hapo mazungumzo yakaishia. Lakini sababu iliyomfunga Unyoya mdomo haikuwa kichapo. Shangazi aliwahi kusema, tena kwa utulivu, bila hasira, akiwa anakunja aproni: "Siku jicho langu likinidanganya kwenye lulu, nafunga mlango huu naenda kulala. Sitaki kuwa fundi wa kuhurumiwa." Unyoya alimjua. Shangazi hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na meza, koleo, na sauti ya kazi. Ukimwondolea hivyo, utakuwa umembakishia kitanda na ukuta.

Basi akaishika hereni ya kushoto juu ya mvuke wa birika mpaka gundi ikalegea. Lulu ya njano ikatoka. Kijiti cha fedha kilichoishikilia kilibaki na weusi wa gundi, na weusi huo hauondoki kwa kufutwa. Husafishwa kwenye maji makali, ile asidi iliyopashwa moto inayokaa bakulini karibu na ukuta. Fedha na yakuti huingia humo na kutoka zimetakata. Lulu haiingii kamwe. Ndiyo sababu katika kazi yao lulu huwekwa mwisho, baada ya moto, baada ya asidi, baada ya kila kitu, wakati hakuna tena kitu cha kuiumiza.

Unyoya alipasha bakuli. Akarudi mezani. Akachukua hereni kwa koleo la shaba, akaizamisha, akaketi kwenye kiti cha dirishani, akafumba macho kwa dakika tu.

Kilichomwamsha ni mashine ya mchonga funguo. Aliinuka, akaitoa hereni kwenye bakuli, akaisuuza. Kisha akatazama kitambaa cha kijivu, akaona hereni nyingine imelala pale na kijiti kitupu, cheusi.

Alikaa na koleo mkononi muda mrefu. Lulu iliyokuwa kwenye koleo ilikuwa nyeupe bado, lakini nyeupe ya chaki. Mwanga wake wa ndani ulikuwa umezimwa. Aliisugua kwa kidole, ikamwachia unga.

Hakulia. Hata kulia kunataka nguvu. Alichofikiri ni kwamba Mkunga anakuja asubuhi hii kuchukua hereni zake, kwamba leo mchana hospitali inamuaga, na kwamba sasa hereni hizo hazina lulu hata moja. Kisha akasikia viatu vya Shangazi mlangoni.

"Unyoya, mbona pananuka maji makali asubuhi yote hii? Tuna kazi ya moto leo?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Sikukuuliza salamu, nimekuuliza harufu."

Shangazi alining'iniza mkoba wake, akakosa msumari, akaupata mara ya pili. Alikuwa mwembamba, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili. Alisogea mpaka akamwona Unyoya alipo, dirishani, na hapo akasimama.

"Umekaa kwenye meza yangu."

"Nimeharibu kazi, shangazi." Sauti ilimtoka ndogo, akalazimika kurudia. "Nimeichovya lulu ya Mkunga kwenye asidi."

Ng'ambo ya ukuta mashine ilikereza ufunguo, ikanyamaza.

"Umeichovya lulu," Shangazi alisema, kama mtu anayeonja chakula asichokiamini. "Mtoto wangu mwenyewe. Hata anayekuja hapa kuomba maji ya kunywa anajua lulu haichovywi."

"Nilisinzia. Nilishika hereni siyo."

"Siyo ipi? Hereni zilikuwa zimekwisha. Niliziacha jana zimekwisha. Ulikuwa unatafuta nini kwenye kazi iliyokwisha?"

Hapo ndipo ingewezekana kusema uongo. Unyoya aliutafuta uongo huo kweli, akaukosa. Alikuwa amechoka mno kutunga kitu. Akamwona Shangazi amesimama na mkono umenyooshwa, akisubiri kukabidhiwa kilichoharibika, akapiga moyo konde.

"Nilikuwa nabadilisha ya kushoto. Haikulingana na mwenzake."

"Zililingana."

"Kwa ukubwa, ndiyo. Rangi, shangazi."

Shangazi alikuja mpaka dirishani, akaukunja uso mwanga ulipompata, akaketi kwenye kiti chake cha zamani, Unyoya akiinuka upesi kumpisha. "Tandika hapa," alisema. "Niwekee hiyo uliyoitoa. Na karibu yake weka nyeupe, nyeupe hasa, kutoka kopo la juu."

Unyoya akafanya hivyo. Lulu mbili juu ya kitambaa cha kijivu. Shangazi akavua miwani, akavaa, akainamia mpaka pua ikakaribia kitambaa.

"Naona mtu na dada yake."

"Moja ina unjano."

"Unjano wa kiasi gani?"

"Kama jino..."

"Malizia. Maneno ni yangu hayo."

"Kama jino la mvuta tumbaku."

Safari hii hakuna aliyecheka. Shangazi alizigusa lulu zote mbili kwa kidole cha shahada, moja, kisha nyingine, akizizungusha. Uso ulikuwa umemshuka. Unyoya alitamani arudi nyuma mpaka jana jioni, aseme "nzuri, shangazi," na ibaki hivyo milele.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua."

"Pete ya yule mwanasheria?"

"Niliibadilisha."

"Na kidani cha mama wa duka la vitambaa? Aliyenishika mkono hapa hapa, akaniambia nina jicho la ndege?"

"Nacho pia."

Shangazi akatikisa kichwa polepole. "Kumbe jicho lilikuwa lako. Mimi nilikuwa na mabawa tu." Akazisukuma lulu mbali kidogo. "Umeniacha nipokee sifa za watu kama mtu anayepokea barua za jirani."

"Ulisema utafunga mlango."

"Nilisema."

"Ndiyo maana sikusema mimi."

Shangazi alifungua mdomo, na kabla neno halijatoka, mlango ukasukumwa kwa nyonga. Aliingia Mkunga, mnene, sare imekunjamana, viatu mkononi.

"Hodi, na msiniambie nisimame," alisema. "Nimetoka zamu ya mwisho ya maisha yangu. Watoto watatu, na wa mwisho kaja akiwa na hasira kama amedaiwa." Akajitupa kwenye benchi, likalia. "Mchana wananiaga. Nimesikia watanipa saa ya ukutani. Mtu amekodolea saa ya ukutani ujana wake wote, wanamfungia nyingine aende nayo nyumbani. Ndiyo maana nikasema nitajinunulia kitu mwenyewe. Haya, nipeni hereni zangu nizivae nikalale."

Unyoya alitazama sakafu. Alisubiri Shangazi atoe kisingizio: mafuriko, mwizi, lulu zimechelewa. Ni Shangazi aliyewahi kumwambia mteja kwamba pete yake imemezwa na paka, na mteja akaamini.

"Hazijawa tayari," Shangazi alisema. "Kuna makosa."

"Ya nani?"

"Ya macho yangu, na usingizi wa huyu."

Mkunga aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, kwa jicho la mtu aliyezoea kuingia vyumba vyenye matatizo. Kisha akasimama bila viatu, akaja dirishani, akamshika Shangazi kidevu kama anavyoshikwa mtoto, akamgeuzia kwenye mwanga.

"Dada, una mtoto wa jicho."

"Lipi?"

"Yote mawili. Amekaa vizuri kabisa, amefunga pazia. Ulikuwa unaona pete kwenye taa?"

"Nilidhani taa."

"Taa haina kosa. Ukungu huo ndio unaotia kila kitu unjano, na wewe mwenyewe huwezi kujua, maana umeuvaa." Akamwachia kidevu. "Hutolewa. Dada yangu alitolewa. Tulidhani atashukuru. Karudi nyumbani, kaangalia sebule, kauliza, hivi hili vumbi lote lilikuwepo mkinyamaza?"

Kona ya mdomo wa Shangazi ilicheza. Unyoya aliona.

"Na hereni zangu?" Mkunga aliuliza, akirudi kwenye benchi.

"Ukiweza kungoja."

"Mimi nimengoja wagumu kuliko lulu. Nipe tu pa kuegemea." Aliegemeza kichwa ukutani, miguu ameinyoosha, na kabla Unyoya hajamaliza kumletea mto wa kiti, alikuwa anakoroma.

Wakabaki wawili, na kitambaa cha kijivu, na kopo la lulu. Shangazi alijikung'uta kama mtu anayetoka kwenye maji.

"Mwaga," alisema.

Unyoya akazimwaga. Zikabingirika, zikatulia kwenye mikunjo.

"Sasa nisemee. Kwa sauti. Mimi sioni rangi na wewe huongei. Tutafanyaje, tupigiane mbinja?"

"Hii nyeupe, ina waridi kwa mbali." Unyoya aliiweka kando. "Hii imezidi waridi. Hii ina kijani, kama maji ya bwawa. Hii..." Alijisikia akisema, sauti yake mwenyewe ikitoka na kukaa hewani, naye hakuizoea. "Hii inafanana na ya kwanza. Karibu."

"Karibu si mlango wa kuingilia. Iweke pembeni ya yakuti uone inasema nini."

Akaisogeza penye jiwe. Yakuti ikawaka, na lulu ikaonyesha kivuli cha njano pembeni, kidogo sana. "Imesema," Unyoya alijibu, akaitoa.

Waliendelea hivyo mpaka jua likafika ukingo wa meza. Unyoya alitaja rangi. Shangazi alipokea kila moja kati ya kidole gumba na cha shahada, akaizungusha, akapitisha hukumu yake mwenyewe. "Hii ina tumbo." "Hii imebonyea, itakaa upande." Mara moja Unyoya alisema nyeupe safi, kisha akasita, akasema hapana, na Shangazi hakumkemea, alingoja tu. Hatimaye wakapata mbili. Moja ilikuwa na kidoa kama tundu la sindano.

"Nimekihisi," Shangazi alisema. "Hicho tukitazamishe juu, kwenye fedha. Hakuna atakayekwenda kukichungulia huko."

Unyoya alisafisha vijiti, safari hii akishika hereni zote mbili tupu na kuzitazama mara tatu kabla ya kuzichovya. Shangazi akatoboa lulu nusu kwa kekee ya mkono, macho ameyafumba kabisa, akisikiliza kwa vidole. Akatia gundi, akapachika. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo. Unyoya aliitazama akafikiri juu ya mikono yake mwenyewe asubuhi ile, kwenye birika.

Walingoja gundi ikauke. Mkunga alikoroma, akanyamaza, akasema usingizini, "Sukuma," akaendelea kukoroma.

Alipoamka walimpa kioo. Alizivaa, akageuza kichwa huku na huku. Sare ilikuwa ile ile imekunjamana, macho yale yale mekundu. Lakini pembeni ya shavu lake kulikuwa na kitu kinachong'aa kwa haraka, na chini yake kitu kinachong'aa polepole.

"Mbona zinanifanya nionekane mtu aliyelala?" alisema.

"Ndiyo kazi yake," Shangazi alijibu. "Ukizivua, usizitupe pamoja na vitu vingine. Yakuti ni kali, itaichuna lulu. Kila moja na kitambaa chake." Akamwonyesha Unyoya kwa kidevu. "Mkono ni wangu. Rangi kachagua huyu. Ukisifiwa, uwaambie hivyo, nisije nikapokea tena barua za watu."

Mkunga alimtazama Unyoya, na Unyoya, kama kawaida, akatazama sakafu, ila alitabasamu nayo.

"Na wewe kesho njoo pale kliniki ya macho," Mkunga alimwambia Shangazi, akipambana na viatu. "Nitakuwa nimeshastaafu, sitakuwa na amri, lakini bado wananiogopa." Akatoka akichechemea, hereni zikicheza.

Shangazi alibaki amekaa dirishani. Unyoya aliokota lulu moja moja, akazirudisha kwenye kopo. Neno lilikuwa kooni tangu asubuhi. Akalitoa.

"Utafunga mlango?"

"Nifunge nikalale?" Shangazi alipangusa meza kwa kiganja, akitafuta kama imebaki lulu. "Ningetamani. Umenichosha leo." Akainuka, akakivuta kiti cha Unyoya kutoka nyuma, akakileta dirishani, akasogeza chake kando, akakiweka hicho mahali pake. "Kaa hapa. Mimi nitakaa ubavuni mpaka hilo pazia litolewe. Likitolewa tutagombania."

"Ndiyo, shangazi."

"Na usiniambie tena nzuri kama si nzuri."

"Ndiyo, shangazi."

"Na usije tena hapa kabla ya ndege kuamka. Unafanana na kitambaa cha kufutia."

Unyoya aliketi dirishani. Jua lilikuwa limeijaza meza nzima, na kitambaa cha kijivu kilikuwa na joto. Alilaza mkono juu yake, kisha shavu juu ya mkono, apumzishe macho tu. Alisikia Shangazi akipita nyuma yake, akigusa pembe ya meza, ukuta, ukingo wa rafu, akipapasa mpaka akaufikia mfuniko wa bakuli la asidi. Aliusikia mfuniko ukikaa mahali pake, taratibu, bila kelele. Kisha hakusikia kitu.